Kusoma picha ya zamani ya mtaa wa Uskoti, hatua kwa hatua: St Andrews kama mfano

Kadi yenyewe niliipata Dundee, ndani ya boksi la viatu lililojaa kadi za posta, kila moja paundi moja. Upande wa mbele ni South Street ya mji wa St Andrews: maduka yameshusha turubai zake, mkokoteni umeegeshwa, watoto watatu wanamkodolea macho mpiga picha. Nyuma kuna stempu ya kijani ya Mfalme George wa Tano na muhuri wa posta wa 1912. Nikaandika kwa penseli pembeni, "St Andrews, 1912", nikaipachika kwenye albamu na kujipongeza.

Nilikuwa nimekosea, tena kwa miaka mingi. Kanisa la Holy Trinity linaloonekana kwenye picha hiyo bado lina kiwiliwili chake cha zamani, kile cha kabla ya kujengwa upya kati ya 1907 na 1909. Mchapishaji alikuwa na picha ya siku nyingi ghalani, akaendelea kuifyatua na kuiuza, na aliyeinunua 1912 hakujali kanisa likoje. Alitaka tu kumwambia dada yake kwamba hali ya hewa ni nzuri. Muhuri wa posta unakupa mwaka wa barua. Picha ina mwaka wake.

Tangu hapo nafanya kazi kwa vigingi viwili. Cha chini kinasema "si kabla ya", cha juu kinasema "si baada ya". Kila ninachokiona kwenye picha kinasogeza kigingi kimoja au kingine, na kazi yote ni kuvikaribisha vigingi hivyo hadi vibanane. Mwongozo huu ni wa namna ya kuvisogeza. Unafaa kwa mji wowote wa Uskoti, lakini nitatembea nao St Andrews kwa sababu mji huo una picha za kale kuliko karibu mji wowote wa ukubwa wake duniani.

Sababu yake ni ya kisheria. William Henry Fox Talbot alipovumbua kalotipu, yaani picha ya kutumia negativu (picha ya awali ambayo mwanga na giza vimegeuzwa) ya karatasi, aliikatia hataza England mwaka 1841. Hataza hiyo haikufika Uskoti. Mwanasayansi David Brewster, aliyekuwa mkuu wa chuo kimojawapo cha St Andrews, alikuwa rafiki wa Talbot na akipokea barua zake zenye maelezo ya kazi. Akamshirikisha daktari wa pale mjini, John Adamson, ambaye 1841 alipiga picha ya kwanza ya mtu kwa kalotipu nchini Uskoti. Mdogo wake daktari, Robert Adamson, akajifunza ufundi, akahamia Edinburgh 1843 na kuungana na mchoraji David Octavius Hill. Robert alifariki Januari 1848 akiwa na miaka 26 tu, na kazi waliyoacha wawili hao bado watu wanaitazama kwa mshangao. Kijana mwingine wa St Andrews, Thomas Rodger, akafungua studio mjini 1849. Kwa hiyo usishangae kukuta picha ya mtaa huu iliyo ya kale kuliko ulivyodhani.

Msomaji wa pwani pia ana sababu ya kuwajua watu hawa. John Kirk, balozi mdogo wa Uingereza aliyekaa Unguja miaka mingi, alizaliwa 1832 Barry, ng'ambo tu ya mlango wa mto Tay ukitazama kutoka St Andrews, na alikuwa akipiga picha kwenye safari ya Livingstone ya Zambezi tangu 1858. Ukichimba picha za kale za kwetu utawakuta Waskoti hao mapema sana.

Hatua ya kwanza: ishike, lakini usiitazame bado

Tuanze na karatasi. Nawa mikono, ikauke vizuri, shika picha kwa kingo. Uwe na kioo cha kukuzia, hata kile kidogo cha fundi saa.

Kama picha haing'ai kabisa, na giza lake linaonekana limezama ndani ya nyuzi za karatasi kama wino kwenye kitambaa, huenda ni chapa ya kalotipu ya miaka ya 1840 au mwanzoni mwa 1850. Hizi ni adimu. Huzipati kwenye boksi la viatu. Kama karatasi ni nyembamba, ina mng'ao kidogo, rangi yake kahawia na weupe wake umeingia umanjano, tena imegandishwa kwenye kadi ngumu, hiyo ni karatasi ya albumini, iliyopakwa ute wa yai. Ilitawala tangu miaka ya 1850 hadi karibu 1890 na kitu. Kadi ndogo za kama sentimita 6 kwa 10 zilikuwa homa ya miaka ya 1860. Picha nyeusi na kijivu yenye kung'aa kama bati pale kwenye giza la pembeni ni ya jelatini, na hiyo inakuleta miaka ya 1880 kuja mbele.

Halafu weka kioo juu ya anga la picha. Ukiona vitone vilivyojipanga kwa safu, kilicho mkononi mwako kimetoka kwenye mashine ya kuchapia, kama gazeti. Bado kina thamani kwa kazi yetu, ila kukikuza hakutakusaidia sana: utakuza vitone badala ya jina la duka.

Sasa iskani, mbele na nyuma. Kwa kadi ya posta nukta 600 kwa inchi zinatosha, kwa picha ndogo zaidi weka 1200. Hifadhi faili kubwa isiyobanwa na utoe nakala nyepesi za kutuma kwa WhatsApp. Usipitishe picha kwenye mashine ya kuwekea plastiki, usiipige gundi ya utepe, na usiandike nyuma kwa kalamu ya wino. Nimeona albamu nzima ya familia iliyofanyiwa yote matatu na mtu mwenye nia njema.

Hatua ya pili: mgongo wa kadi

Posta ya Uingereza ilitoa kadi za kwanza 1 Oktoba 1870, lakini hazikuwa na picha. Watu binafsi waliruhusiwa kutoa kadi zao za kubandika stempu tangu Septemba 1894, na hapo ndipo kadi za picha zinaanzia. Mwanzoni upande mmoja wote ulikuwa wa anwani. Ujumbe ulibidi ubanwe kwenye ukingo wa picha. Januari 1902 ikaruhusiwa kugawa mgongo kwa mstari wa katikati, ujumbe kushoto, anwani kulia. Kwa hiyo mgongo uliogawanywa unakupa kigingi cha chini cha kadi: si kabla ya 1902.

Gharama ya kutuma nayo inasema. Kwa miaka mingi kadi ilisafiri ndani ya nchi kwa nusu peni. Juni 1918 ikapanda hadi peni moja. Hata kama stempu imebanduliwa na mkusanyaji, wachapishaji wengine walichapa bei ndani ya kile kisanduku cha kubandikia stempu.

Yote haya, nasisitiza, ni umri wa kadi. Kadi haiwezi kuwa ya kale kuliko picha yake, basi kinachopatikana hapa ni kigingi cha juu cha picha. Hapo ndipo nilipojikwaa mimi.

Hatua ya tatu: herufi ndogo chini kwenye kona

Kampuni mbili zilitembea Uskoti nzima na kamera. Moja ni ya George Washington Wilson wa Aberdeen, aliyetia alama "G.W.W." pamoja na namba. Nyingine ni Valentine wa Dundee, ambaye alama yake ni "J.V." na namba. Wilson alifariki 1893, na maelfu kwa maelfu ya vioo vyake vya negativu vipo Chuo Kikuu cha Aberdeen. Kumbukumbu za Valentine, zaidi ya picha 120,000, ziko maktaba ya Chuo Kikuu cha St Andrews, pamoja na rejista za namba. Vyuo vyote viwili vimeweka sehemu kubwa kwenye intaneti, na unatafuta kwa jina la mtaa au kwa namba hiyo hiyo ya kwenye kona.

Namba ya Valentine ikikubali, umeokoa wiki nzima ya kazi. Lakini kumbuka kwamba rejista inaandika siku negativu ilipoingizwa, na wachapishaji wa zama zile hawakuwa na aibu: gari lililopitwa na wakati lilifutwa kwa brashi, na mtaa uliopooza uliongezewa watu. Ukiona mtu asiye na kivuli huku jirani yake anacho, mshuku.

Hatua ya nne: simama aliposimama mpiga picha

St Andrews imeniharibu kwa wepesi wake. Ina mitaa mikuu mitatu, North Street, Market Street na South Street, inayotoka magharibi na kubanana kadiri inavyoelekea mashariki kwenye magofu ya kanisa kuu la kale. Mwisho wa magharibi wa South Street kuna lango la mawe, West Port. Ukiona lango mbele yako, unatazama magharibi. Ukiona minara ya magofu, unatazama mashariki. Kwa mji usioujua, fungua ramani za zamani za Maktaba ya Taifa ya Uskoti, zinazopatikana bure kwenye intaneti. Ramani kubwa za miji zilichorwa kati ya 1847 na 1895, na zile za mizani ya 1:500 zinaonyesha mpaka nguzo za taa na ngazi za mlangoni.

Baada ya hapo tumia jua. Hapa ndipo sisi wa ikweta tunapotea, kwa kuwa tumezoea jua linalopita utosini, miezi fulani likiegemea kusini na mingine kaskazini, hata kivuli cha nyumba kinahama upande wa barabara. Uskoti sivyo. Mchana jua liko kusini mwaka mzima. Kwa mtaa unaokwenda mashariki na magharibi kama South Street, nyumba zilizo upande wa kaskazini wa barabara ndizo zinazopigwa na jua usoni, na zile za upande wa kusini zinakaa kivulini. Ni asubuhi mapema na jioni za kiangazi tu, jua linapochomoza kaskazini-mashariki na kuzama kaskazini-magharibi, ndipo mambo yanageuka.

Urefu wa kivuli nao unakupa msimu. St Andrews iko nyuzi 56 kaskazini. Adhuhuri ya katikati ya Juni jua liko kama nyuzi 57 juu ya upeo wa macho, na kivuli cha mtu ni kifupi kuliko mtu mwenyewe. Adhuhuri ya katikati ya Desemba jua liko nyuzi 10 tu, na kivuli cha mtu mzima kinavuka barabara. Turubai za madukani zinathibitisha: zinashushwa upande wa jua, kuzuia vitambaa visichujuke na siagi isiyeyuke. Kwenye kadi yangu turubai zote ni za upande mmoja, na vivuli ni vifupi. Kiangazi, karibu na adhuhuri, upande wa kaskazini wa barabara. Sikuwa nimesoma neno hata moja la Kiingereza na nilishajua nimesimama wapi.

Kuna mchezo mmoja zaidi ninaoupenda, ingawa unahitaji bahati ya kuona saa ya mnara. Pale mjini jua linafika kusini kabisa takriban saa sita na robo mchana kwa saa ya kawaida. Uingereza ilianza kusogeza saa mbele wakati wa kiangazi Mei 1916. Kama vivuli vimelala barabara kuelekea kaskazini na saa ya mnara inaonyesha saa saba na robo, picha si ya kabla ya 1916. Nimekitumia mara moja tu maishani, nikatembea na furaha siku mbili.

Hatua ya tano: majengo yanayojulikana miaka yake

Tengeneza orodha ya majengo ya mji wako na miaka yao, na uibandike ukutani. Yangu ya St Andrews inakwenda hivi. West Port ilikarabatiwa kati ya 1843 na 1845, kwa hiyo lango lililochakaa linakurudisha mwanzo kabisa wa upigaji picha. Reli iliingia 1852 na ikaondolewa 1969. Jumba la klabu ya gofu ya Royal and Ancient, lile linalotazama kiwanja, lilijengwa 1854. Ukumbi wa mji wa South Street ulianza kujengwa 1858. Tolbooth, jengo la zamani la baraza na jela lililokaa katikati ya Market Street, lilibomolewa 1862. Likionekana, umepata kigingi cha juu kisichotetereka. Mahali pale pale pa Market Street, chemchemi ya kumbukumbu ya Whyte-Melville iliwekwa 1880. Jengo jekundu lililo nyuma ya shimo la kumi na nane la gofu, lililojengwa liwe hoteli, ni la 1895. Kanisa la Holy Trinity nimeshalisema.

Na kitu kisichokuwepo ni ushahidi pia. St Andrews haikuwahi kuwa na tramu. Mtu akikuletea "St Andrews" yenye reli za tramu barabarani, mrudishie kwa adabu.

Hatua ya sita: maduka

Hapa ndipo nakushauri ukae. Chukua chai.

Soma kila kibao, hata herufi tatu zilizobaki nyuma ya turubai. Lugha ya vibao vya Uskoti ina mitego yake. Bucha halikuandikwa kwa neno la Kiingereza tulilofundishwa shuleni. Aliyeuza nyama aliitwa FLESHER, na nimewahi kumsikia mtu akibishana kwamba hilo ni jina la ukoo. WRIGHT inaweza kuwa jina la ukoo kweli, au seremala, na inabidi uangalie kama kuna jina jingine mbele yake. Muuza vyakula aliyejiita "Italian Warehouseman" hakuwa Mwitaliano. Alikuwa anatangaza kwamba ana mafuta ya zeituni, tambi, achari na vitu vya makopo vya kutoka nje, na kwamba wateja wake si wa kukopa sukari robo.

Pasipo maandishi kuna alama. Mipira mitatu ya dhahabu inaning'inia kwa mweka rehani. Mti wenye michirizi ni wa kinyozi. Buti kubwa la mbao juu ya mlango, fundi viatu. Chupa kubwa za kioo zilizojaa maji ya rangi dirishani ni duka la dawa, na kwenye picha ya zamani chupa hizi zina mtego wa kipekee: vioo vya awali vya picha viliona bluu kama nyeupe na nyekundu kama nyeusi. Chupa ya bluu itatoka imepauka kama maziwa, ya nyekundu itatoka nyeusi kama lami. Ndiyo sababu pia anga la Uskoti kwenye picha hizo ni jeupe tupu, na nywele nyekundu za Waskoti zinaonekana nyeusi.

Kisha tafuta jina kwenye vitabu. Maktaba ya Taifa ya Uskoti imeskani mamia ya vitabu vya orodha za wakazi na wafanyabiashara, tangu 1773 hadi 1911. Miji mikubwa ilikuwa na chake karibu kila mwaka. Miji midogo kama St Andrews utaipata ndani ya vitabu vya nchi nzima, kama kile cha Slater, ambacho kilipanga wafanyabiashara kwa mji na kwa kazi. Tafuta kwa kazi kwanza kuliko jina, kwa sababu kibao kinaweza kusoma nusu ya jina tu.

Baada ya vitabu kuna daftari za kodi ya majengo, zilizoandikwa kila mwaka tangu 1855. Zinataja nyumba, mwenye nyumba, mpangaji, na pango lake kwa mwaka. Kwenye tovuti ya ScotlandsPeople utapata daftari za 1855, kisha 1865, na kuendelea kila miaka kumi hadi 1915, halafu kila miaka mitano kuanzia 1920 hadi 1940. Kutafuta ni bure, kufungua ukurasa unalipia kidogo. Mwenye duka la nguo kwenye kadi yangu hayumo 1885, yumo 1895, na hayumo tena 1905. Vigingi vikasogea kwa mkupuo mmoja.

Tahadhari mbili. Duka linaweza kubaki na jina la marehemu miaka ishirini baada ya mazishi, hasa kama biashara ilikuwa na heshima. Mjane au mwana anaendelea chini ya kibao kile kile. Na namba za milango zilibadilika katika miji mingi, kwa hiyo usiseme "namba 90 ya leo ndiyo namba 90 ya wakati ule" kabla hujalinganisha madirisha ya ghorofani. Madirisha ya chini hubomolewa kila kizazi. Ya juu karibu hayaguswi: hesabu yake, umbo la dohani, ngazi za pembe ya paa. Fungua picha ya barabarani ya leo kwenye simu, weka kando ya ile ya kale, na utazame juu.

Hatua ya saba: watu na kazi zao

Mtaa mtupu hauna maana kwamba mji ulikufa. Kamera za mwanzo zilihitaji sekunde nyingi, hata dakika, na anayetembea hakushikika. Ukikuza utaona mizimu: magurudumu yasiyo na mkokoteni, farasi mwenye mwili mmoja na vichwa viwili. Aliyeonekana wazi ni aliyeambiwa asimame, au aliyesinzia. Wilson wa Aberdeen alisifiwa sana alipotoa 1859 picha za Princes Street ya Edinburgh zenye watu katikati ya hatua zao.

Hivyo picha ya Hill na Adamson ya wavuvi wa St Andrews, iliyopigwa miaka ya 1840 upande wa mashariki wa North Street, ilipangwa kwa makini ingawa inaonekana kama ya ghafla. Wanawake na watoto wamekaa nje ya nyumba za mawe, wakitia chambo kwenye mshipi mrefu wa ndoana nyingi, ule ambao pwani yetu tunauita dhulumati. Ukitazama kwa karibu utaona kazi ilivyogawanywa. Mwanamume alikwenda baharini. Mwanamke aliokota kome, akawapasua, akavisha mamia ya ndoana moja moja, akaukunja mshipi kwenye kikapu bapa kwa mpangilio ili usijisokote ukitupwa, kisha akabeba samaki mgongoni kwenda kuwauza. Mtu wa Tanga au Lamu ataielewa picha hiyo bila maelezo.

Kazi nyingine ya mji huu ni gofu. Wanaume wenye aproni waliojipanga nje ya karakana karibu na kiwanja ni mafundi wa fimbo na mipira. Hadi katikati ya karne ya 19 mpira ulikuwa ngozi iliyoshindiliwa manyoya yaliyochemshwa, na fundi hodari kama Allan Robertson, aliyefariki 1859, alitoa michache kwa siku. Tangu 1848 ukaja mpira wa gutta-percha, utomvu wa miti ya Malaya, ambao uliviringwa ukiwa moto na kugharimu kidogo. Tom Morris, mzee mwenye ndevu utakayemkuta kwenye kila albamu ya mji huu, alikuwa na duka kando ya shimo la mwisho na aliishi hadi 1908. Wenyeji walimpiga picha nyingi sana, akizeeka hatua kwa hatua; kwa mji huu yeye peke yake ni kalenda.

Vifaa vya kupandia ni msaada mzuri pia. Baiskeli ya gurudumu kubwa mbele ni ya miaka ya 1870 na 1880. Zenye magurudumu sawa zilienea baada ya 1885. Magari yalilazimika kuwa na namba kuanzia 1 Januari 1904, na herufi zake zinataja yalikosajiliwa: SP ni kaunti ya Fife, ambayo St Andrews imo, TS ni Dundee, S peke yake ni Edinburgh. Mavazi mimi huyaweka mwisho. Bibi wa 1900 aliyevaa gauni la 1880 hakuwa na kosa lolote, alikuwa na gauni zuri.

Hatua ya nane: andika, na uonyeshe ulikotoa

Maelezo ya picha yawe na mahali, mpiga picha alikuwa akitazama wapi, kipindi, na kwa nini umekitaja. Kilicho dhahiri kitenge na unachokisia. Andika kwenye faili la skani na kwenye bahasha ya karatasi isiyo na asidi, usiandike kwenye picha.

Kuhusu haki: kwa Uingereza picha inakuwa huru miaka 70 baada ya kifo cha mpiga picha, kwa hiyo kazi za Rodger, aliyefariki 1883, na za Wilson ziko huru. Lakini skani uliyoipakua kutoka chuo au maktaba ina masharti yake ya matumizi; yasome kabla hujaiweka kwenye kitabu au kuiuza. Na ukipata picha ambayo hawana, watumie nakala. Watunza kumbukumbu wa miji midogo hujibu haraka kuliko unavyotegemea, mara nyingine na jina la mbwa aliyelala mlangoni.

Kadi yangu sasa ina bahasha yake, na juu nimeandika hivi: "South Street, St Andrews, Fife. Inatazama mashariki. Kiangazi, karibu adhuhuri. Kati ya 1886 na 1904: baiskeli yenye magurudumu sawa, kanisa la Holy Trinity kabla ya 1907, mpangaji wa duka la nguo yumo kwenye daftari la 1895, hayumo 1885 wala 1905. Namba ya J.V. inaelekea miaka ya 1890. Imetumwa kwa posta 1912. Watoto watatu, mmoja hana viatu. Mwanamke mwenye aproni mlangoni mwa duka la pili kushoto, hajatambuliwa."